Nilimwambia baba yake yuko Dubai

Binti yangu alikuwa na miaka sita baba yake alipokamatwa, nami nilikuwa na dakika chache tu za kuamua nimwambie nini. Ilikuwa Ijumaa jioni. Kwa amri ya mahakama, kila Ijumaa ya pili baba yake alikuwa anakuja kumchukua na kukaa naye hadi Jumapili. Mtoto ameshaoga, amevaa, amekaa kibarazani kwetu Pasua, Moshi, begi magotini. Simu iliyoingia ilikuwa ya shemeji yangu aliyeko Arusha. "Shemeji, leo msimsubiri kaka. Yuko polisi." Nikakata simu, nikatoka nje, nikamwambia mwanangu kwamba baba amepata kazi Dubai, ameondoka ghafla.

Nilisema Dubai kwa sababu jirani yetu alikuwa na dada yake huko. Ndilo jina la kwanza lililonijia mdomoni. Nikaishi nalo mwaka mmoja na miezi minane.

Wanaosema mtoto husahau sijui walilea watoto gani. Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba pale soko la Memorial, na mara mojamoja nilikuwa nampeleka Arusha kwa dada yangu. Kila tulipopita Boma Ng'ombe alikuwa anaomba tubadilishane kiti akae dirishani, upande wa kushoto, aone ndege za KIA. Ndege ikishuka ananyamaza mpaka ipotee. Siku moja akaniuliza, "Mama, wakishashuka wanatokea wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Ningejua ningemwekea baba alama, asipotee." Nikajifanya natafuta nauli kwenye mkoba. Baba mwenyewe alikuwa mbele yetu kwenye barabara ileile, akilala gerezani, mwendo usiofika saa moja kutoka pale.

Alikuwa mtunza stoo, mali ya mwajiri ikapotea mikononi mwake. Alikaa mahabusu miezi minane, kisha mahakama ikamfunga miaka mitano. Sasa najua kwamba mfungwa mwenye nidhamu njema hupunguziwa theluthi ya kifungo, kwa hiyo mitano inabaki mitatu na miezi minne. Wakati ule nilisikia mitano tu, na nilifurahi. Naliandika hili wazi kwa sababu furaha hiyo ndiyo iliyonipotosha.

Ndoa yetu ilikufa kabla ya hapo. Tulipita baraza la usuluhishi, likashindwa, tukaenda mahakamani, talaka ikatoka. Mtoto alikuwa na miaka minne. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo, basi nikapewa mimi. Baba akapewa haki ya kumwona wikiendi kwa zamu na nusu ya likizo, akaamriwa kutoa matunzo kila mwezi. Wikiendi hakukosa hata moja. Matunzo alikuwa anachelewesha, na kila akichelewesha mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia akifika mlangoni.

Kichwani mwangu mambo hayo mawili yalikuwa daftari moja. Ukilipa unamwona, usipolipa humwoni. Alipofungwa hela zikakatika kabisa, nikalifunga daftari. Nikajiambia pia kwamba amri ya mahakama imekufa yenyewe, maana mfungwa ana haki gani? Hakuna aliyenibishia. Mama yangu mzazi, kule Mwanga, alisema mtoto wa kike hapelekwi mahali pa nuksi. Kaka yangu akasema atajifunza wizi. Nilipokea maneno yao kwa mikono miwili, kwa sababu yalikuwa yananipa nilichokitaka.

Aliyenitikisa ni bibi yake mtoto. Alishuka kutoka Kibosho Jumamosi moja asubuhi, peke yake, mama wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu. Kikapuni alikuwa na ndizi mshare, chupa ya maziwa mgando, na juu yake jani la isale. Mimi ni Mpare, lakini nimekaa ukweni Uchagani miaka saba, najua isale ni nini. Mchaga akikuletea isale anaomba msamaha, na ukishaliona huwezi kumfungia mlango. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa kukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni.

Nikamuwahi. Nikamwambia, "Mama, mimi nimeshamsamehe mwanao, ila mtoto simpeleki."

Akanitazama muda mrefu. "Mwanangu, sikuja kwa ajili yake. Yeye ameshahukumiwa, na amestahili. Nimekuja kumwombea mjukuu wangu. Likizo iliyopita nilimkuta usiku ameamka, yuko mgombani, anaangalia juu. Nikamuuliza unaangalia nini. Akaniambia anahesabu taa za ndege. Mimi ni mtu mzima, ninakwenda kanisani. Utaniacha nimdanganye mtoto mpaka lini?"

Sikumjibu. Alipoondoka nililiweka lile jani kwenye glasi ya maji dirishani, sikujua pengine pa kuliweka. Likakaa wiki mbili bila kunyauka.

Jumatatu nikaenda ofisi ya Ustawi wa Jamii. Sikwenda kwa moyo mweupe. Nilikwenda nikitumaini afisa ataniandikia karatasi ya kusema mtoto hatakiwi gerezani, nikamwonyeshe bibi, yaishe. Afisa alikuwa dada wa makamo, sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, hiyo haki ya kumwona mtoto ni ya nani?"

Nikasema ya baba.

Akafungua Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26, akanigeuzia kitabu akaniambia nisome mwenyewe na nitafute nani anayetajwa. Kinawahusu watoto ambao wazazi wao wametengana au wameachana. Kinasema mtoto ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, isipokuwa kama kufanya hivyo kutavuruga masomo yake. Nilikisoma mara mbili. Baba hakuwa ndiye mwenye haki pale. Mwenye haki alikuwa darasani wakati ule, darasa la tatu, na mimi nilikuwa nimeikalia haki yake kwa sababu ya hasira zangu na mtu mwingine.

Tulikaa karibu saa nzima. Alinieleza kwamba amri ya mahakama haifi kwa mtu kufungwa. Inabaki mpaka mahakama yenyewe iibadilishe. Kama nilitaka kumzuia, njia ilikuwa kurudi mahakamani na sababu zangu, na hakimu angeangalia maslahi ya mtoto kwanza, umri wake, na maoni yake kama ameyatoa bila kushinikizwa. Akaniambia matunzo ni suala la peke yake. Ni wajibu wa baba, lakini baba akishindwa mzigo unamwangukia mama, na mzigo huo haumpi mama ruhusa ya kumficha mtoto. Na kwamba ndugu aliyekuwa akimlea mtoto, kama bibi anayekaa naye likizo, anaweza naye kwenda Mahakama ya Watoto kuomba kumwona. Hapo nikashikwa na aibu. Yule bibi angeweza kunipeleka mahakamani, naye alikuja na jani.

Jambo la mwisho ndilo lililonikalia zaidi. Alinitajia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Ibara ya 9 inasema hata pale serikali yenyewe ndiyo iliyomtenganisha mtoto na mzazi, kwa mfano kwa kumfunga, familia ikiuliza inatakiwa kuambiwa mzazi yuko wapi, isipokuwa kama taarifa hiyo itamdhuru mtoto. Sasa serikali ilikuwa imetuambia. Tulijua gereza, tulijua kifungo, tulijua kila kitu. Aliyemficha baba ni mimi.

Nilimwambia binti yangu Jumapili mchana, tukichambua maharage. Afisa alinishauri nitumie maneno machache na ya kweli. Nikasema, "Baba hayuko Dubai. Yuko gerezani Arusha. Alichukua mali isiyo yake, akashtakiwa, akafungwa. Mzima wa afya, na anakuulizia."

Aliendelea kuchambua. Akauliza, "Anakula?" Nikasema anakula. "Analala na nani?" Nikasema na wafungwa wenzake. Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakiweka pembeni, akasema, "Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa maswali kuhusu wizi, kwa hasira juu ya baba yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nikasema ndiyo, nilikuwa najua, na nimekosa. Wiki nzima hakukubali nimsuke. Alikuwa anachukua kitana chake anakwenda kwa jirani, anarudi amesukwa, ananipita mlangoni.

Safari ya kwanza tulirudi bila kumwona, na kosa lilikuwa langu: sikuuliza siku za kuona wafungwa. Kama unampeleka mtoto, hakikisha kwanza. Uliza siku na saa. Beba kitambulisho chako. Jua majina yote matatu aliyoandikiwa, siyo jina la mtaani. Simu utaiacha nje. Uliza unachoruhusiwa kupeleka kabla hujahangaika kupika. Enzi za mahabusu shemeji yangu alikuwa anapeleka chakula, alipokuwa mfungwa mambo yakabadilika, na wali wangu wa nazi tuliula wenyewe kituoni, mtoto akilia. Mtu mzima anavumilia kurudishwa. Mtoto aliyekesha usiku kucha akijiandaa, kwake ni kama baba amekataa kumwona.

Mara ya pili tuliingia. Nilikuwa nimemweleza kuhusu sare ya rangi ya chungwa, kuhusu askari atakayesimama karibu akisikia kila neno, kuhusu uzio, na kwamba hatutamgusa. Nilisahau nywele. Baba yake alikuwa mtu wa kwenda kinyozi kila wiki, mwenye nywele nzuri, na mtoto alipokuwa mdogo alikuwa anazishika akibebwa mabegani. Alitoka amenyolewa kipara, amekonda, kichwa kimekuwa kidogo. Binti yangu alirudi nyuma hatua moja, mgongo wake ukanigonga tumboni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Basi, wakanyamaza. Alikuwa anamwita "mama" tangu azaliwe, ana jina la bibi yake. Nilimwona midomo inamtetemeka, naye haruhusu machozi yatoke. Dakika tulizopewa zilikuwa chache na zilikuwa zinakwisha, nami sikujua kama niseme kitu au ninyamaze. Askari aliangalia saa. Ndipo baba akauliza, "Tebo umefika ya ngapi?"

Enzi zile za wikiendi ndiyo ilikuwa michezo yao. Wakitembea kwenda dukani, hesabu. Wakila, hesabu.

"Ya saba."

"Haya, nisomee."

Akaanza. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Sauti ndogo, macho kwenye vifungo vya ile sare. Alikwenda vizuri mpaka saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane akakwama. Akaangalia juu, akaangalia vidole. Hakuna aliyemsaidia. Askari naye, niliona, alikuwa anasubiri. Baba akainua vidole vitano mkono mmoja, akashusha, akainua sita. "Hamsini na sita!" Akamalizia mbio mpaka sabini, na muda ukawa umekwisha. Baba akasema, "Nikirudi kukuona uje na ya nane." Alikosea, maana sisi ndio tungerudi, yeye angekuwa palepale. Hakuna aliyemsahihisha.

Njiani kurudi, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti zilipita hatujazungumza. Tulipofika njia panda ya KIA hakuomba kiti cha dirishani. Alikuwa amelala kwenye mkono wangu.

Sitaki mtu adhani mambo yalinyooka hapo. Usiku ule alikojoa kitandani, na usiku uliofuata, na wa tatu. Majirani walioona godoro nje walinipa ushauri bila kuombwa. Nikarudi kwa yule afisa karibu nilie, nikamwambia si unaona, tumemharibu mtoto. Akaniuliza kama kabla ya hapo alikuwa halali akihesabu taa za ndege. Nikanyamaza. Akasema nisimkataze na nisimlazimishe. Nimuulize kila mara, na jibu lake niliheshimu. Tangu siku hiyo namuuliza. Zimetokea mara mbili amesema hapana, hataki. Mara ya kwanza kulikuwa na sherehe ya rafiki yake. Mara ya pili hakutoa sababu. Nilikwenda peke yangu kumpelekea baba habari hiyo, na kwa kweli ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwonea huruma tangu talaka. Alisema, "Usimlazimishe. Mwambie sijakasirika." Nikamfikishia mtoto maneno hayo yalivyo, bila kuongeza langu.

Wanaandikiana pia. Barua zinasomwa na askari kabla ya kumfikia, nilimwambia hivyo mapema ili asije akaandika siri akashangaa. Yeye huchora zaidi. Anachora mlima, Kibo na Mawenzi, mgomba, nyumba ya bibi, na baba amesimama mlangoni. Siku hizi anamchora kipara.

Shuleni nilimwona mwalimu wake wa darasa faraghani, nikamweleza. Nilisita sana kufanya hivyo, na nashukuru nilifanya, kwa sababu haukupita muhula mtoto mmoja akaanza kumwimbia "baba yako jela." Mwalimu alikuwa tayari. Binti yangu mwenyewe, nasimuliwa, alijibu, "Ndiyo, yuko Arusha, Jumamosi naenda kumwona," akaendelea kula embe. Wimbo ukafa. Ningali na Dubai yangu, angejibu nini?

Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni faida yangu ya siku mbili mezani, kwa hiyo hatuendi kila wiki. Tunakwenda mara moja kwa miezi miwili hivi, wakati mwingine inapita mitatu. Pale kwenye foleni nimekutana na watu ambao sikuwahi kuwawazia. Kuna bibi mmoja aliyekuwa anamleta mjukuu aliyekaa ndani na mama yake mpaka alipoacha kunyonya, ndipo akatolewa. Mtoto alikuwa anatembea kwa kupepesuka, anawaendea maaskari wote kama wajomba zake, maana ndio watu aliowazoea. Bibi alikuwa anahofia kitu kimoja tu, kwamba mtoto ataacha kumjua mama yake kabla kifungo hakijaisha. Kila nikitaka kuahirisha safari kwa sababu ya biashara, namkumbuka.

Kuna mama atakayesoma haya ambaye mtu wake alifungwa kwa kumdhuru mtoto huyohuyo, au kwa kumpiga mama mbele yake. Dada yangu, sikutumi popote. Haki hii ni ya mtoto, na mtoto ana haki pia ya kulindwa. Nenda Ustawi, nenda mahakamani, waeleze, wana uwezo wa kusimamisha. Mimi nazungumza na mwenzangu ambaye, kama nilivyokuwa mimi, ukimuuliza kwa nini hampeleki mtoto atakutajia matunzo, atakutajia yule mwanamke mwingine, atakutajia aibu, na katika yote aliyoyataja hakuna hata moja alilofanyiwa mtoto.

Baba yake bado miezi michache atoke. Hatutarudiana, na mtoto anajua. Nilimwambia kabla hajaanza kutumaini, nimekoma kudanganya. Bibi kule Kibosho ameshatengeneza chumba, na tumekubaliana kwamba zile Ijumaa zitaanza upya taratibu, kwanza kwa bibi, mchana tu.

Jumamosi hii tunakwenda. Tebo ya kumi na mbili waliimaliza safari iliyopita, na sasa yuko kwenye ya kumi na tatu, ambayo shuleni hawafundishi. Jana alikuja mezani kwangu Memorial na daftari, amekwama kwenye kumi na tatu mara nane. Nikachukua simu nimtafutie kwenye kikokotoo. Akaifunika kwa mkono wake, akasema anamwekea baba.